Gari Lipo, Mafuta Yapo

Jumatatu, 3 Machi

Ameondoka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi lori la kambi lilisimama mbele ya nyumba, likapiga honi mara moja tu, na mume wangu akapanda na begi lake la kijani. Miaka kumi na saba ameendesha gari la wagonjwa la zahanati yetu. Mji mzima humwita Dereva. Hata mimi. Kuanzia leo ni dereva wa kampuni ya kuchimba mafuta — ovaroli ya bluu, kofia ngumu, namba kifuani.

Sikulia. Nililia juzi, yatosha. Mkataba ni wa miaka miwili, tutaezeka upya, binti ataingia sekondari ya bweni. Sina neno. Mshahara wa zahanati ulikuwa unachelewa mpaka tunausahau, ukija tunadhani ni zawadi.

Binti yetu tunamwita Redio kwa sababu habari haimpiti. Jioni kanitangazia kwamba walimu wao wawili nao wamepata kazi kambini, mmoja karani, mmoja mpishi. Mpishi ndiye mwalimu wa hesabu. Darasa la sita na la saba sasa wanakaa chumba kimoja, wanafundishwa kwa zamu: hawa wakisoma, wale wanaangalia ukuta.

Ufunguo wa gari la wagonjwa nimeufungia kwenye kabati la dawa, maana muuguzi wa zahanati ni mimi. Daktari kasema wilaya italeta dereva mwingine wiki hii. Tusubiri.

Alhamisi, 6 Machi

Wilaya wamejibu. Dereva hakuna. Kila anayejua kushika usukani yuko kambini au njiani kwenda kambini. Daktari mwenyewe hajui hata baiskeli.

Nimepita sokoni kutoka kazini, nikajiona mgeni katika mji niliozaliwa. Kinyozi amefunga kibanda chake cha kunyolea — pale sasa ni nyumba ya wageni, vyumba sita, amevipanga kama makabati. Ghala la ushirika wa pamba limejaa mabomba ya chuma. Nyanya tatu ndogo kwa bei ya fungu zima la mwaka jana, na muuzaji hakuangalii usoni, anaangalia nyuma yako kama kuna mwenye ovaroli anakuja. Vumbi la malori limekaa juu ya kila kitu. Nimefua mashuka ya wodi mara mbili leo.

Mlinzi wetu wa zahanati, mtu wa maneno machache, alikuwa amekaa getini anapangusa viatu. Kasema mafuta yenyewe bado yako chini ya ardhi, lakini sisi huku juu tumeshaanza kuteleza. Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Sijui niandikeje. Niandike tu.

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Mimba ya kwanza baada ya miaka minane ya kungoja. Alikuja saa mbili asubuhi, uchungu umeshika. Saa tano nikajua mtoto amekaa vibaya. Lazima apelekwe hospitali ya wilaya akapasuliwe, kilomita hamsini na mbili. Gari liko uani. Tangi limejaa. Nilisimama mlangoni na ufunguo mkononi kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

Mlinzi alikimbia sokoni kutafuta dereva, yeyote. Hakuna. Daktari akapiga simu kambini. Wakamjibu kwa adabu kwamba magari yao hayaruhusiwi kubeba mtu asiye mfanyakazi. Saa nane kasoro ndipo tulipopata pikapu ya muuza vitunguu. Nilimlaza juu ya magunia, nikapiga magoti pembeni yake njia nzima nikimshika mkono.

Mama amepona. Mtoto hakupona. Wa kike. Alikuwa na nywele nyingi.

Gari lipo. Mafuta yapo. Dereva hayupo.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Dereva. Nilimweleza yote, saa kwa saa, kama ninavyojaza fomu.

"Usinihukumu, mama Redio," akasema.

Sikumhukumu. Nilimwambia kilichotokea, basi. Labda kwake ni kitu kimoja.

Usiku sikulala, nikawa nageuka kama samaki kikaangoni. Alfajiri nikaamka na neno moja: nitajifunza. Nina miaka arobaini na mitatu, futi tano kasoro, na sijawahi kushika usukani hata wa gari lililozimwa. Basi. Watu wamejifunza makubwa kuliko hayo.

Nimekwenda kwa Mama Trekta baada ya kazi. Zamani za ushirika wa pamba ndiye aliyekuwa dereva wa trekta, mwanamke pekee, na leseni yake anaihuisha kila mwaka mpaka leo ingawa trekta limeoza. Ana zaidi ya miaka sabini. Nilimkuta anapalilia bustani. Nilipomaliza kueleza hakuinua kichwa.

"Watakucheka," akasema.

Nikamwambia najua.

"Mimi walinicheka mwaka mzima. Mwaka wa pili walipanga foleni niwalimie." Akapangusa jembe. "Jumamosi, saa moja. Vaa viatu vya soli nyembamba."

Malipo yake: nimpime presha kila Ijumaa. Nimekubali haraka kabla hajabadili mawazo.

Jumamosi, 15 Machi

Daktari ametoa kibali cha maandishi. Sababu aliyoiandika: gari lisipowashwa betri itakufa. Mwerevu! Nimechukua leseni ya kujifunzia jana. Redio kachora herufi L nyekundu kwenye boksi la glavu, kubwa kama mlango.

Somo la kwanza, uwanja wa mpira. Nimezima gari mara kumi na tisa. Redio alihesabu kwa sauti kutoka kwenye nyasi mpaka nikamfukuza. Klachi, mafuta, breki — miguu miwili na kazi tatu, nani aliyepanga mambo haya? Mama Trekta hakunyanyua sauti hata mara moja. Klachi unaiachia, kanieleza, kama unavyoachia mkono wa mtoto anayejifunza kutembea: taratibu, na usimwachie kabla hajasimama. Mara ya ishirini gari likaenda. Hatua kama mia hivi. Nikasahau kwamba kuna breki.

Goli la upande wa mashariki limepinda kidogo.

Jumatano, 19 Machi

Mguu wa kushoto umevimba. Kila jioni tunafanya saa moja na nusu. Sasa natia gia mpaka ya tatu bila kuitazama. Rivasi bado ni adui.

Watu wanakuja kutazama, wamekaa pembeni mwa uwanja kama kuna mechi. Kinyozi, yule wa nyumba ya wageni, kauliza kwa sauti kama wagonjwa wenyewe wameulizwa. Mama Trekta kamjibu kwamba yeye akiugua tutamwachia achague: gari au magunia ya vitunguu. Kicheko kikahama upande.

Halafu jambo lililonikaa. Fundi cherehani alikuja. Ni siku kumi tu tangu msiba wake, bado anatembea polepole. Alibeba mto alioushona kwa vitambaa vya mabaki, mnene, umejazwa pamba. Aliuweka kwenye kiti cha dereva, akaupigapiga, akaondoka. Sasa naona barabara yote mbele ya boneti.

Daktari kaniita ofisini kabla ya kufunga. Kambi imemchukua. Kliniki yao ina viyoyozi na wagonjwa watatu kwa wiki. Anaanza tarehe moja. Aliongea akitazama kalenda ya ukutani, si mimi. Nilimtakia heri. Kwa kweli nilimtakia, ila mdomo ulikuwa mzito.

Ijumaa, 28 Machi

Mtihani wa leseni. NIMEFELI. Niandike nimalizane nao.

Kuzunguka vigingi — vizuri. Rivasi — Mungu alinisaidia. Kisha askari wa trafiki akaniambia nisimame katikati ya kilima cha tangi la maji, niondoke bila kurudi nyuma. Nikasimama. Nikaondoka — kinyumenyume. Nyuma kulikuwa na mwanamke anayeuza mabeseni ya plastiki, ameyapanga mnara wa rangi zote. Sikumgusa mtu, nashukuru. Niligusa mnara. Mabeseni yakashuka kilima kizima yakidunda, mekundu, ya kijani, ya bluu, moja likafika mpaka mlango wa posta. Soko lote lilisimama kucheka. Hata askari alijigeuza akajifanya anaandika.

Nikateremka nikayafuata mabeseni moja moja. Nusu saa. Mwenye mabeseni akanisaidia, naye anafuta machozi ya kicheko. Mawili yamepasuka, nimeyanunua. Tutapandia mchicha.

Nilidhani Mama Trekta atanipa pole. Kasema tu: "Kesho kilima. Na keshokutwa kilima."

Presha yake leo iko sawa. Yangu sikupima.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku tisa za kilima. Nimekiota usingizini. Nimejua pale hasa ambapo injini inabadili sauti, inapoanza kuvuta kabla hujaachia breki. Haiko kichwani, iko kwenye nyayo.

Leo, mtihani wa pili, mwenye mabeseni aliniona nakuja, akahamisha bidhaa zake mpaka ng'ambo ya barabara, akakaa kutazama. Nikasimama katikati. Nikasikiliza. Nikaondoka mbele, sikurudi hata unene wa kidole. Askari akanitilia saini. Mwenye mabeseni akapiga kofi beseni lake kama ngoma.

Nina leseni! Nimeiweka chini ya mto kama mtoto wa shule.

Wilaya wametuletea muuguzi mpya kushika nafasi ya Daktari, msichana aliyetoka chuoni mwezi uliopita. Anaogopa kila kitu ila anajua kazi. Angalau sasa nikitoka na gari zahanati haibaki tupu.

Sijamwambia Dereva. Nataka ajue kwa macho, si kwa simu. Sijui kwa nini. Labda najua.

Jumatano, 9 Aprili

Mgonjwa wangu wa kwanza. Muuza mkaa, mzee, pumu imembana mpaka kucha zimekuwa za bluu. Nimemfungia mtungi wa oksijeni, mkewe kakaa naye nyuma, mimi nikashika usukani.

Kilomita ya ishirini na tatu kuna daraja jembamba, la gari moja. Nilipofika, msafara wa kambi ulikuwa unatokea upande wa pili. Gari dogo la mbele lina bendera nyekundu. Nikawasha taa zote, nikapiga king'ora. Mtu wa bendera akanipungia nitoke barabarani, kama unavyofukuza kuku. Nikatoka. Ningefanyaje? Malori kumi na moja yenye mabomba. Nikakaa kwenye majani, injini inanguruma, nyuma mke wa muuza mkaa anamwambia mumewe vuta, vuta hewa, baba, vuta.

La tano lilikuwa la Dereva.

Aliniona. Naapa aliniona. Mkono wake uliinuka kutoka kwenye usukani, ukafika nusu, ukarudi. Lori likapita. Nikabaki na vumbi lake.

Dakika kumi na nne kwa saa yangu. Muuza mkaa alifika hai, amelazwa, atapona. Njiani kurudi niliendesha vizuri sana. Hasira ni mwalimu wa gia.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kambini. Nilimwambia muuguzi mpya nitarudi saa saba, nikamchukua Mama Trekta kwa ajili ya ushahidi na kwa ajili ya moyo. Mnara wa kuchimbia unauona kutoka mbali, umesimama porini kama ngazi iliyosahauliwa na wajenzi. Uzio, geti, geti jingine. Tumekaa kwenye benchi la walinzi saa mbili na nusu. Mama Trekta alilala kidogo, akakoroma, mlinzi akapunguza redio yake kwa heshima.

Mwisho akaja Afisa Uhusiano. Kijana mpole, sauti kama ya matangazo. Nikampa barua yangu. Ombi ni moja: msafara ukiona gari la wagonjwa, usimame. Nikamweleza la fundi cherehani, nikamweleza la muuza mkaa. Alisikiliza kwa kuinamisha kichwa. Akasema wanaithamini jamii inayowazunguka. Akasema msafara hausimami kwa sababu za usalama. Atalifikisha suala mbele. Akatupa kofia mbili na kalamu mbili zenye nembo.

Nimekwenda kuomba njia, nikapewa kofia.

Tunaaga, akaniita pembeni. Daktari wetu amenisifu sana kwao. Wanahitaji muuguzi. Mshahara mara tatu ya wangu, nyumba ya familia ndani ya uzio, na binti atasomeshwa. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa ijayo.

Sitajidanganya katika daftari langu mwenyewe: moyo uliruka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga mapazia.

Mama Trekta hakuniuliza kitu. Kofia yake kamvalisha sanamu la kutishia ndege bustanini.

Jumapili, 13 Aprili

Dereva yuko nyumbani. Likizo ya siku nne, mpaka Jumatano saa sita mchana. Kaja na mchele, kaja na viatu vya Redio, kaja amekonda. Redio alimsomea taarifa ya habari ya wiki sita bila kupumua — mabeseni, kilima, goli lililopinda. Alicheka pote panapochekesha. Kisha akatoka nje.

Nikamfuata kwa mbali. Kavuka mpaka uani mwa zahanati, kafungua mlango wa gari, kaingia. Magoti yakagonga usukani. Kiti nimekisogeza mbele mpaka mwisho na mto uko juu yake. Alikaa vile vile, amejikunja, mikono mapajani. Hakukirudisha kiti nyuma.

Nilikaa upande wa pili.

"Nilikuona darajani," akasema.

"Nami nilikuona."

"Msafara hausimami. Ningesimama ningefukuzwa siku hiyo hiyo."

"Sikukuuliza."

Akapangusa vumbi la dashibodi. Mlinzi alipita na ndoo, akaona uso wangu, akageuza njia.

Habari ya kazi ya kambini alishaipata, huko habari zina miguu. Anataka nikubali. Hakugomba, angegomba ingekuwa rahisi. Kasema anachoka kula peke yake kwenye bwalo la watu mia mbili. Kasema kwa miaka kumi na saba mshahara wake ulipokosekana alikuwa anatengeneza gari lile kwa vipuri vya pesa ya mfukoni mwake, na hakuna aliyejua ila mimi. Kweli tupu. Kisha akasema neno ambalo limenikaa kama mwiba wa samaki:

"Tumebeba wagonjwa wa mji huu maisha yetu yote. Sisi katubeba nani?"

Lakini kukosa jibu si sawa na kukubali.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeandika barua kwa kampuni. Mistari miwili. Nashukuru, siji. Na lile ombi langu la daraja bado nalisubiri.

Nilimwonyesha kabla ya kuitia kwenye bahasha, maana ni mume wangu, si jirani. Aliisoma, akairudia. Kasema mwandiko wangu umekuwa mzuri. Akaenda kuchaji simu yake.

Jioni alipika yeye. Redio peke yake ndiye aliyekuwa hewani.

Jumatano, 16 Aprili

Hospitali ya wilaya, benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Saa saba na robo mchana. Naandika ili mikono isikae bila kazi.

Asubuhi saa nne na nusu walimleta msichana wa darasa la tatu. Watoto wamezoea kudandia malori yanapopunguza mwendo sokoni. Leo aliteleza. Gurudumu lilipita juu ya paja. Mfupa unaonekana. Nilimfunga, nikamchoma sindano ya maumivu, nikamtundikia maji, muuguzi mpya akashika taya zake zisigongane na kufanya kila nilichomwambia. Mama wa mtoto alikuwa kasimama tu, anashikilia kiatu kimoja.

Dereva alikuwa nyumbani anafunga begi. Saa sita alitakiwa awe getini kambini. Aliposikia kelele alikuja na ovaroli tayari mwilini. Nikadhani ataomba ufunguo. Na ningempa, kusema kweli — anaendesha vizuri mara kumi kuliko mimi. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Endesha wewe, twende," akasema. "Nitashuka njia panda."

Njia panda ya kambi iko kilomita ya kumi na nane. Hakunifundisha kitu njiani. Shimo kubwa la pale kwenye kona nililikwepa vibaya, akashika dashibodi. Nilipofika njia panda nikapunguza mwendo. Nikaangalia upande wake. Alikuwa anaangalia mbele.

"Usisimame," akasema. "Utapoteza mwendo wa kilima."

Kisha daraja. Na msafara.

Nikawaona kutoka juu ya mteremko: bendera nyekundu, nyuma yake malori, safari hii marefu zaidi, sikuyahesabu. Walikuwa bado hawajaingia darajani, lakini walikuwa karibu kuliko sisi. King'ora. Taa. Mtu wa bendera akaanza ule mkono wake wa kufukuza kuku. Nyuma mama wa mtoto akaanza kuita jina la mwanawe, tena na tena, kwa sauti ndogo.

Dereva akafungua mlango kabla sijasimama vizuri. Alikimbia. Miaka hamsini na moja, na buti za chuma, alikimbia daraja zima mpaka ng'ambo, akasimama katikati ya njia mbele ya gari la bendera, mikono miwili juu. Ovaroli ya bluu, namba kifuani — mwenzao. Lori la kwanza lilifunga breki mpaka likalia. Honi zikaanza, moja baada ya nyingine, mpaka nyuma kabisa. Hakusogea. Hakugeuka hata kunitazama kama ninakuja.

Nikaingia darajani. Gia ya pili. Pande zote mbili nafasi ni ya kiganja. Sikutazama maji. Nilitazama mgongo wake ukikua mkubwa. Nilipotoka ng'ambo akaruka kando, nikampitia, nikasimama hatua chache mbele. Msimamizi wa msafara alikuwa kashuka, redio mdomoni, anasoma namba kutoka kifuani mwa mume wangu, tarakimu moja moja, kwa sauti. Dereva akamsubiri amalize. Kisha akaja akapanda.

Niliendesha mpaka hapa bila kusimama tena.

Mtoto ameingia ndani saa sita na dakika ishirini. Daktari wa upasuaji hakuahidi mguu. Ameahidi kujaribu. Damu imepatikana, nusu kutoka kwa mama yake. Sasa mama amelala kwa kukaa, kiatu bado mkononi.

Simu ya Dereva iko kwenye benchi kati yetu. Imelia saa sita na nusu, imelia saa saba, inalia sasa. Jina la msimamizi wa kambi linawaka na kuzimika kwenye kioo. Watu wa benchi la mbele wanatutazama, wanangoja mmoja wetu aichukue.

Inaendelea kulia. Hajaigusa. Ameinuka, anajinyoosha kiuno, ananiuliza kama nimeona ile tairi ya nyuma kulia ya gari letu inavyolika upande mmoja, na jeki tunaiweka wapi siku hizi.